Mwongozo Kamili: Kumfikishia Mgonjwa Habari Mpya za Mapafu, Usingizi na Ubongo Asije Akatupa Dawa

Mwongozo huu ni wa wauguzi, maafisa wa kliniki na wahudumu wa afya ya jamii wanaosimama mbele ya benchi la wagonjwa kila asubuhi, kuanzia Likoni hadi Kisauni, hapa Mombasa.

Kosa linalonifanya niandike ni lile lile kila mwezi. Mtu husoma habari nzuri usiku kwenye simu, asubuhi akaisimulia benchi kwa furaha, na baada ya wiki mbili mgonjwa mmoja ameacha dawa, mwingine amenunua ya mtaani, wa tatu amesikia kinyume. Kosa hilo nami nimelifanya, na nitalieleza kwenye hatua ya 3.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujafungua mdomo

- Habari yenyewe yote, si kichwa chake wala meseji iliyosambazwa mara nyingi.
- Daftari. Kila habari ukurasa mmoja.
- Inhela tupu za mfano: ya buluu (ya kufungua pumzi haraka) na ya kahawia (ya kila siku, ya kutuliza uvimbe wa mirija ya hewa).
- Chupa ya maji ya plastiki ya nusu lita, kitako chake kimetobolewa tundu linaloishika inhela bila kuvuja. Hiyo ni spesa ya maskini, yaani chombo cha kupokea dawa ya inhela kabla mgonjwa hajaivuta, nayo hufanya kazi.
- Utepe wa fundi cherehani.
- Simu ya kurekodi sauti.
- Jibu la "wapi na kwa pesa ngapi". Kama unataka kuzungumzia kipimo, ujue kinafanyika hospitali gani, siku gani, na mgonjwa aingie na karatasi gani. Usipokuwa na jibu hilo, habari yako ingoje.

## Hatua ya 1: Isome mpaka mwisho, uiulize maswali manne

Walipimwa nani? Wangapi, na kwa muda gani? Walilinganishwa na nini? Na hicho kitu kinapatikana hapa kwetu?

Swali la kwanza ndilo linaloangusha wengi. Chukua ile habari kwamba usingizi "huosha ubongo". Utafiti ulioipa nguvu ulitoka 2013, na waliochunguzwa walikuwa panya. Mwaka 2024 watafiti wengine, nao wakitumia panya, walitoa matokeo yanayoipinga: waliona usafishaji ukipungua wakati wa usingizi. Wanasayansi bado wanavutana. Sasa wewe ukisimama ukasema "ukilala ubongo unaoshwa, usipolala utapata wazimu", umesema jambo ambalo wenyewe hawajalimaliza.

Unachoweza kusema bila kubabaika ni kwamba mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi kwa usiku, na kwamba kukosa usingizi huamsha kifafa kwa mwenye nacho. Hayo yanatosha.

Tahadhari: jihadhari na maneno "hatari huongezeka maradufu". Kutoka mtu 1 kati ya 1,000 hadi watu 2 kati ya 1,000 pia ni maradufu. Tafuta idadi yenyewe, na ukiikosa usiitaje.

Utajua umefaulu ukiweza kuieleza kwa sentensi moja ukiwa umefunika simu: walimpima nani, wakaona nini.

## Hatua ya 2: Iweke kwenye kapu lake

Mimi nina makapu matatu: ya leo, ya kujua tu, na ya kutupa. Ya leo ni ile inayobadilisha kitu mgonjwa atakachofanya usiku huu. Ya kujua tu ni ya kweli, lakini haina la kufanya. Ya kutupa unaijua.

Mfano wa kapu la pili. Desemba 2024 Marekani iliidhinisha tirzepatide, sindano ya kupunguza uzito, kwa watu wazima wanene kupita kiasi ambao pumzi zao hukatika usingizini kwa kiwango cha kati au kikali. Habari ni ya kweli, na kubwa. Lakini mgonjwa wako wa Changamwe bado hajapimwa usingizi, bei ya dawa hiyo hata usiiguse, na ukiitaja tu kesho ataitafuta kwa wauzaji wa mtandaoni. Kwa hiyo nikiulizwa najibu, nisipoulizwa naiacha. Ninachokitoa ndani yake ni hiki: uzito wa shingo na tumbo una uhusiano na pumzi kukatika usiku, na kuupunguza husaidia.

Mfano wa kapu la kwanza, ingawa kwa juu hauonekani hivyo. Mwaka 2024 tume ya jarida la Lancet ilisema karibu asilimia 45 ya visa vya ugonjwa wa kusahau uzeeni vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kama mambo 14 yangeshughulikiwa. Kati yao mna presha, sukari, sigara, usikivu uliopotea, upweke, hewa chafu, na mawili yaliyoongezwa mwaka huo: macho yasiyotibiwa na mafuta mabaya ya damu.

Usiwasomee yote 14. Chagua moja linalowezekana. Mimi huchagua macho, kwa sababu wazee wetu wengi huona ukungu wa mtoto wa jicho ni sehemu ya uzee na hunyamaza. Wala usiseme "asilimia 45 ya wanaosahau watapona". Si hivyo. Inazungumzia kuzuia na kuchelewesha, na inazungumzia umma, si bibi aliyekaa mbele yako.

## Hatua ya 3: Yageuze maneno yawe ya nyumbani

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo nilipoanguka.

Mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu wa GINA uliacha kupendekeza kwamba watu wazima na vijana wa miaka 12 kwenda juu watibiwe kwa inhela ya buluu peke yake. Sababu inaeleweka: buluu hulegeza misuli ya mirija ya hewa kwa muda, lakini uvimbe wa ndani unabaki pale pale, na siku ukizidi, buluu hukosa nguvu. Nikasimama mbele ya benchi nikasema, "Inhela ya buluu peke yake ni hatari." Kila neno lilikuwa sahihi.

Ami mmoja mvuvi wa zamani akaenda nyumbani akaitupa. Usiku wa tatu wanawe walimleta mabega yamepanda, maneno yakimtoka moja moja. Alipopata nafuu nikamuuliza inhela iko wapi. Akaniangalia kwa mshangao: "Si wewe, sista, ulotwambia yaua?"

Maneno "peke yake" yalipotelea njiani. Na kosa la pili lilikuwa baya zaidi: hakuwa na ya kahawia. Nilimwondolea alichokuwa nacho, sikumpa cha kushika.

Siku hizi nasema hivi, na mvuvi yule ndiye aliyenisaidia kupata maneno: "Chombo kinavuja. Buluu ni ndoo ya kukumba maji. Kahawia ni kalafati ya kuziba tundu. Ukikumba tu bila kuziba, utachoka uzame. Lakini chombo kikiwa baharini, ndoo hutupi." Tangu nianze kusema hivyo hakuna aliyetupa buluu yake.

Kabla ya kutoa habari hii hakikisha kahawia iko kwenye duka la dawa la kituo, au mgonjwa ana inhela ile yenye dawa zote mbili kwa pamoja aliyoandikiwa. Na taja jina la dawa pamoja na rangi, kwa maana kampuni hazifanani rangi.

### Maneno yanayokwama hapa Mombasa

Pumu. Wengi huogopa neno hili. Watasema mtoto "ana kifua". Ukiuliza nani ana pumu, mikono mitatu. Ukiuliza nani kifua humbana usiku au upepo ukibadilika, benchi nzima.

Kukoroma. Huchukuliwa kuwa dalili ya kulala vizuri. Sema "pumzi inayokatika usingizini": anakoroma, ananyamaza kimya, kisha anashtuka kama aliyetolewa majini. Kila ikikatika, hewa safi hupungua kwenye damu, ubongo hulazimika kumwamsha, na presha hupanda.

Jinamizi. Mtu ameamka, anaona chumba, hawezi kuinua hata kidole, na kuna kitu kimemkalia kifuani. Mwambie kwamba akili imetangulia kuamka, misuli bado iko ndotoni. Huisha kwa sekunde au dakika chache, na huzidi kwa asiyelala vya kutosha. Usimcheke wala usibishane naye habari za majini. Akitaka kusomewa, asomewe. Na alale mapema.

Degedege na kifafa. Degedege kwa watu wengi ni ya mtoto mwenye homa, kifafa ni kitu kingine chenye aibu. Ujumbe wa mwanzo ni mmoja kwa yote mawili: mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, tazama saa. Ikipita dakika 5, hospitali.

Saa nne na nusu. Hili lilinichekesha kisha likanitisha. Habari za kiharusi husema dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Nikaisema hivyo hivyo. Mama mmoja akainua mkono: "Na baada ya saa nne na nusu hospitali yafungwa?" Alisikia saa ya ukutani. Maana yake ingekuwa sawa kwa mtu mmoja tu: aliyeanguka saa kumi na mbili asubuhi.

Kwa hiyo usitaje muda kamwe bila mfano. Sema: "Uso umepinda, mkono umelegea au maneno yamevurugika, usingoje pakuche. Andika saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho, mpeleke sasa hivi hospitali yenye mashine ya kupiga picha ya kichwa." Anayekaa Likoni aelewe kwamba saa inaanza kuhesabika nyumbani, si akishavuka feri. Na wasimpe aspirini, chai wala uji: huenda ni damu inayovuja kichwani, na koo lililopooza hupalia.

## Hatua ya 4: Chagua saa ya kusema

Benchini, sema kabla kadi za namba hazijaanza kuitwa. Namba zikianza, masikio yote yako mlangoni. Dakika 5 ni nyingi, na habari ni moja.

Ramadhani ina hesabu yake. Swali la inhela na saumu litakujia, nalo si lako. Maulamaa wana kauli tofauti, hivyo mwombe imamu wa mtaa alizungumze kabla ya mwezi kuandama. Lako ni ratiba: kahawia ya mara mbili kwa siku huingia vizuri wakati wa daku na baada ya futari. Dawa za kifafa zisibadilishwe saa bila aliyeziandika kujua, na mwenye kifafa akumbushwe kwamba mikesha mfululizo bila usingizi wa mchana inaweza kumwangusha. Pumzi ikibana, buluu hapo hapo. Ruhusa ya mgonjwa kufungua ipo, na hakuna Mwislamu wa Mombasa asiyeijua; anachohitaji ni kusikia kwamba hali yake ndiyo hiyo.

## Hatua ya 5: Sema kwa mpangilio huu

Kwanza la kufanya. Pili lisilobadilika. Tatu dalili za kukimbilia hospitali. Nne wapi. Habari yenyewe, "wataalamu wamegundua", iache mwisho au usiitaje kabisa. Mgonjwa hushika la mwanzo, na la mwanzo likiwa ni ugunduzi wa ng'ambo, ndilo atakalokwenda nalo nyumbani.

Nikizungumzia pumzi kukatika usingizini siongei na mwenye kukoroma, kwa sababu hajisikii. Naongea na wa pembeni yake: "Mama, usiku wa leo akinyamaza ghafla, hesabu. Ukifika kumi hajavuta, na ikajirudia, njoo naye Jumatano. Dawa yake ya presha aendelee nayo vile vile."

Kisha utepe wa fundi. Shingo ya zaidi ya sentimita 40 ni alama mojawapo, pamoja na kukoroma kwa sauti, uchovu wa mchana, presha, unene, umri wa zaidi ya miaka 50 na kuwa mwanamume. Alama hizi hazitoi jibu. Zinamchagua wa kupelekwa kupimwa usingizi. Kipimo hicho huhesabu pumzi imekatika au kupungua mara ngapi kwa saa: kuanzia mara 5 ni ugonjwa kwa mwenye dalili, na 30 kwenda juu ni mkali. Mkali mara nyingi hutibiwa kwa mashine ya CPAP, inayosukuma hewa puani ili koo lisijifunge.

Utepe huleta kicheko, na kicheko kinafungua midomo. Dereva wa lori la bandarini aliyekataa katakata kwamba anasinzia alikiri baada ya kupimwa shingo: alikuwa akilala kwenye usukani kila foleni iliposimama. Wa namna hiyo usimwachie tarehe ya mbali. Na muulize kuhusu muguka, yale majani ya kutafuna, na kahawa ya barazani usiku. Muguka humpa macho makavu mpaka alfajiri, halafu usingizi humdai barabarani.

Kuhusu shisha, ambayo Kenya iliipiga marufuku Desemba 2017 lakini bado inavutwa kwa kujificha, nina sentensi moja: maji yanapoza moshi, hayachuji sumu.

## Hatua ya 6: Arudishe alichosikia

Usiulize "umeelewa?" Pwani jibu la swali hilo ni "naam, sista", hata kama hakusikia neno. Ni adabu. Hatakuaibisha mbele ya watu.

Uliza hivi: "Ukifika nyumbani, bibi akikuuliza umeambiwa nini, utamjibuje?" Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiyo sehemu ngumu; utatamani kumsaidia. Usimsaidie.

Kwa inhela maneno hayatoshi, afanye kwa mikono:

1. Atikise inhela, atoe pumzi yote nje.
2. Aibane inhela kwa midomo, aanze kuvuta taratibu huku akibonyeza mara moja.
3. Azuie pumzi kwa hesabu ya kumi.
4. Akitumia chupa, abonyeze mara moja, avute na kutoa pumzi za kawaida mara tano au sita.
5. Ikiwa ni kahawia, asukutue na kutema. Asiposukutua utandu mweupe utamshika ulimini, naye atasema dawa imemdhuru na kuiacha.

Ukiona moshi mweupe ukitoka pembeni mwa midomo, dawa imekwenda hewani. Aanze tena. Nimeona watu wa miaka kumi na inhela ambao hawajawahi kuivuta hata siku moja. Walikuwa wakijipulizia ulimi.

Umefaulu akikwambia mambo mawili bila kusukumwa: atafanya nini usiku huu, na dawa gani haiachi. Likikosekana la pili, hajatoka mlangoni.

## Hatua ya 7: Itume kwa simu, kwa sauti

Rekodi ya chini ya dakika moja. Wazee hawasomi meseji ndefu. Husikiliza, tena kwa sauti kubwa, na jirani akasikia. Taja tarehe mwanzoni: "Leo ni tarehe fulani, mwaka fulani." Rekodi yako itazunguka miaka, na siku moja itamfikia mtu ikiwa imeshapitwa.

Usifungue kundi la WhatsApp la wagonjwa. Kwenye kundi kila mtu huona namba ya kila mtu, na mwenye kifua kikuu ataonwa na mpangaji mwenzake. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 huhesabu habari za afya kuwa nyeti. Tumia orodha ya kutangazia (broadcast list), ambapo kila mmoja hupokea peke yake. Sharti lake: wawe wamehifadhi namba yako kwenye simu zao, la sivyo hawaipati. Basi wahifadhi palepale benchini ukiwaangalia.

Usitaje jina, usitume picha, usitume sauti ya mgonjwa akikohoa hata kama unadhani hajulikani. Mji huu ni mdogo.

## Hatua ya 8: Baada ya wiki mbili, fuatilia

Rudi kwenye ukurasa wa daftari. Andika maneno waliyorudi nayo, kama walivyoyasema. "Hospitali yafungwa" na "yaua" ni maandishi ya thamani kuliko hesabu ya waliohudhuria, maana ndiyo yanayokwambia sentensi ipi ya kubadilisha.

Habari ikibadilika, au ukigundua ulikosea, tangaza masahihisho kwa njia ile ile na benchi lile lile: "Mwezi uliopita niliwaambia hivi. Nilikosea. Sahihi ni hivi." Niliogopa kwamba watanidharau. Ami yule mvuvi, siku niliposema hivyo mbele yake, alitia mkono kwenye mkunjo wa kikoi akatoa inhela ya buluu, akainua juu benchi nzima wakaiona. Ya kahawia, akasema, iko nyumbani kando ya mswaki.